Wateja wakubwa wanaochelewesha malipo: invoisi yako imekwama kwenye meza ya nani?

Karani wa Soweto (mleta uzi)

Kamwene wana Iringa, ugonile wana Mbeya, na wengine wote habari za muda huu.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye dirisha la malipo la kampuni moja kubwa huku Nyanda za Juu Kusini. Sitaitaja, msije PM kuniuliza. Kazi yangu ilikuwa kupokea invoisi za wazabuni, kuzikagua na kuziingiza kwenye mfumo. Siku hizi nawafungia hesabu wafanyabiashara wadogo, kuanzia Mwanjelwa mpaka Mbalizi, na kilio ninachokutana nacho ni kile kile: "Wamenikalia na hela yangu."

Wapo kweli wanaokalia hela za watu, nitawafikia. Ila kwa nilichokiona nikiwa ndani, sehemu kubwa ya madeni hayo hakuna aliyekataa kuyalipa. Karatasi imekwama mahali, na mwenye hela anahangaika na mtu asiyehusika.

Nitoe mfano. Fundi kapewa LPO (oda ya manunuzi ya maandishi) ya milango 40. Kapeleka 38, miwili kaiacha karakana vanishi ikauke. Stoo wakaandika wamepokea 38. Baadaye akaileta ile miwili, mtu wa stoo kaenda msibani, mlinzi wa getini akampokelea na kumsainia. Fundi akaandika invoisi ya milango 40, na ni haki yake, kapeleka 40. Sasa mfumo unasoma LPO 40, stoo 38, invoisi 40. Unagoma. Karani ana rundo la invoisi nyingine mezani, hiyo anaitupia kwenye trei ya zenye matatizo. Hatakupigia simu, hakuna aliyemwambia ni kazi yake. Fundi yuko Mafinga anaamini kadhulumiwa. Meneja aliyempa kazi anaamini uhasibu walishalipa. Na trei imenyamaza.

Kwa hiyo ukienda kudai, acha swali la "mtanilipa lini?" Hilo jibu lake lipo tayari: "wiki ijayo." Uliza hivi: "Invoisi namba fulani imefika hatua gani, na inasubiri saini ya nani?" Hapo karani analazimika kufungua mfumo na kuangalia. Akikwambia haioni kabisa, umejua invoisi haijawahi kufika uhasibu, iko kwenye droo ya yule meneja rafiki yako. Akikwambia inasubiri stoo, unageuza gari kwenda stoo. Akikwambia imeshaidhinishwa inasubiri fedha, hilo ni jambo jingine kabisa, na ndipo unapoanza kukaza.

Uliza pia wanafunga lini orodha ya malipo. Makampuni mengi hayalipi kila siku, yana siku zake za kulipa. Invoisi ikiingia baada ya orodha kufungwa inasubiri zamu nyingine, hata kama imekamilika kila kitu. Nimeshuhudia watu wakikosa malipo ya mwezi mzima kwa kuleta invoisi Ijumaa jioni wakati orodha imefungwa Ijumaa asubuhi.

Na nakala yako ya invoisi lazima ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Kama mkataba unasema siku 30 baada ya kupokea invoisi, bila ule muhuri siku 30 zinaanzia wapi? Kwa barua pepe ni hivyo hivyo, waombe wajibu kwamba wamepokea.

Wale wa VAT mna maumivu yenu ya ziada. Kampuni inakwambia leta risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) kwanza ndipo tulipe. Ukiitoa, kodi ya mwezi huo inatakiwa TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amelipa au hajalipa. Kwenye mauzo ya milioni 10 hiyo ni milioni 1.8, kabla ya kupunguza VAT ya manunuzi yako, unaitoa mfukoni kwa ajili ya hela ambayo hujaishika. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu deni la VAT lifuatiliwe kabla ya tarehe 20, lisisubiri mwisho wa mwezi kwa mazoea. Na risiti ikitoka kabla ya hela, iambatanishe na barua inayosema malipo bado, uisainishe. Baadaye mtu asije akakuonyesha risiti yako mwenyewe kama ushahidi kwamba ulishalipwa.

Jingine dogo: wakikata asilimia 5 kwenye huduma, msianze ugomvi, ile ni kodi ya zuio. Daini cheti chake, kitawasaidia kwenye kodi ya mwaka.

Karibuni kwa maswali. Mwenye uzoefu aongeze.

Fuso la Makambako

Mkuu hapo kwenye mlinzi umenigusa pabaya. Sisi wa magari ndiyo zetu hizo. Dereva anafika site saa mbili usiku na kokoto, hakuna mtu, mlinzi anasaini delivari (karatasi ya kupokelea mzigo) kwa jina moja tu, "Juma". Asubuhi injinia anasema hajaona mzigo. Kokoto zishamwagwa, zishachanganywa na za mwenzio, utazitambuaje?

Karani wa Soweto

Fuso, mwambie dereva asishushe mpaka apige simu kwa aliyeagiza na kumwandikia ujumbe: gari namba fulani, mzigo kiasi fulani, niko getini, nani ananipokelea? Jibu lolote atakalopata ni karatasi tayari. Delivari iwe na jina kamili, cheo, saini na namba ya gari. Asubuhi yake mtume mtu akachukue muhuri. Ukisubiri mwisho wa mwezi ukusanye delivari zote ndipo uende kuomba mihuri, huyo injinia ameshahamishiwa Tunduma.

Fundi Mbao Mafinga

Shikamoo mleta uzi kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi 😀

Mimi hiyo LPO hata sijawahi kuiona. Kuna mkandarasi yuko Mbeya, tunafanya kazi kwa simu. Anapiga: "Fundi, nitengenezee fremu kadhaa na mbao za kupaulia, nitakutumia advansi." Advansi anatuma kweli, napakia. Iliyobaki ndiyo shughuli. Mara ya kwanza alilipa vizuri, ya pili akalipa nusu, ya tatu mpaka leo. Simu anapokea, tena kwa heshima, "kaka yangu nivumilie, na mimi sijalipwa huko juu." Nilichonacho ni meseji za WhatsApp na miamala ya simu. Hapo nina kesi au nina hadithi?

Mwanasheria wa Gangilonga

Fundi, una kesi. Mkataba wa mdomo ni mkataba, tatizo lake ni kuuthibitisha. Tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, na mahakama inapokea ujumbe wa simu kama ushahidi, mradi uonyeshe umetoka wapi na haujachezewa. Kwa hiyo usifute kitu, usibadilishe simu ukaiacha ile kwa watoto, na usitegemee picha za skrini peke yake. Taarifa ya miamala iombe kwa mtandao wako wa simu, yenye tarehe na majina.

Ila kabla ya mahakama kuna hatua rahisi watu wanairuka. Mtumie ujumbe wa kistaarabu wenye hesabu yote: nilikuletea hiki, tarehe hii, kwa bei hii, umelipa kiasi hiki, kimebaki kiasi hiki, naomba uthibitishe. Akijibu "ndiyo kaka, nitakulipa mwisho wa mwezi", amekiri deni kwa maandishi yake mwenyewe. Kisheria deni la mkataba lina ukomo wa miaka 6, na kukiri kwa maandishi yenye saini kunaanzisha hesabu upya. Kwa hiyo mlete pia kwenye karatasi, asaini taarifa ya hesabu.

Hilo la "na mimi sijalipwa huko juu" si kinga, labda kama mlikubaliana kwamba utalipwa akishalipwa. Wewe ulimuuzia yeye. Aliye juu yake humjui.

Mpiga Debe Kabwe

Wakuu mnazunguka sana. Dawa ya hawa ni OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Unafungua RB, yaani unaandikisha taarifa kituoni, anakamatwa Ijumaa mchana, mpaka Jumapili hela imepatikana. Mengine yote ni nadharia za wasomi.

Mwanasheria wa Gangilonga

Mpiga Debe, nakujua unafurahisha baraza, lakini kuna mtu atakufuata. Deni la kibiashara ni madai, si jinai. Jinai inaingia pale mtu alipokudanganya toka mwanzo ili achukue mali, mfano kajifanya wakala wa kampuni asiyoijua. Aliyekulipa mara mbili vizuri akakwama ya tatu, utathibitishaje kwamba alikudanganya? Polisi si wakusanya madeni. Na ukimkamatisha mtu kwa deni, anaweza kukugeukia na kesi ya kumkamatisha kwa hila, sasa wewe ndiye unayedaiwa.

Karani wa Soweto

Na hata ikifanikiwa, umemshinda mara moja na umempoteza mteja. Kwa mtu wa Mafinga anayeuza mbao kwa wakandarasi, wanunuzi wakubwa wanahesabika na wanajuana.

Fundi, silaha yako haiko polisi, iko karakana. Akikupigia ile simu ya nne, mwambie: "Kaka, mzigo upo, nitaupakia siku nitakayoona la zamani limeingia." Useme kwa sauti ile ile unayosalimia. Kama ana nyumba inasubiri kupauliwa na mvua za Desemba zinakuja, atazipata hizo hela. Wadogo wengi wanaendelea kupeleka mzigo kwa woga wa kunyimwa kazi, na deni linakua mpaka mkubwa anaona ni nafuu kutafuta fundi mwingine kuliko kukulipa.

Mama Parachichi Tukuyu

Naomba na mimi niulize, sisi wa parachichi. Kampuni inakuja shambani, inachuma, inapima, inaondoka. Tunaambiwa bei ni hii. Baadaye wanasema zilizokataliwa pakihausi, kule wanakopanga na kupakia matunda, ni nyingi, kwa hiyo malipo yanapungua, na hata hayo yaliyopungua yanakuja baada ya kontena kuuzwa Ulaya. Sasa mimi Ulaya nitaifuata wapi?

Karani wa Soweto

Mama shikamoo. Hapo kuna mambo mawili yamefungwa pamoja, yatenganishe. Kwanza, nani anabeba hasara ya tunda linalokataliwa? Kama ni wewe, tunda likataliwe pale pale shambani: upangaji ufanyike mbele yenu, yasiyofaa mbaki nayo mkauze Mwanjelwa au mkamue mafuta, na kilo zilizopakiwa ziandikwe na kusainiwa na pande zote mbili kabla gari halijawashwa. Likishaondoka, lililoozea njiani lisiwe lako.

Pili, tarehe ya malipo ihesabiwe toka siku ya kupima, si siku ya kuuza. Kontena likichelewa bandarini hiyo ni biashara yao. Mkulima mmoja hawezi kulisimamia hilo, kikundi kinaweza. Mnunuzi anayetaka kujaza kontena hawezi kugombana na kijiji kizima katikati ya msimu.

Mwanasheria wa Gangilonga

Naongezea kwa mama: makubaliano hayo yaandikwe, hata ukurasa mmoja wa Kiswahili, yasainiwe kabla ya kuchuma. Na mikataba ilipiwe ushuru wa stempu. Watu wanaudharau, siku ya kesi wakili wa upande wa pili anasimama anasema hati hii haina stempu isipokelewe, mnaanza kukimbizana na faini.

Mzabuni Mstaafu

Wote mnalia na makampuni. Hamjaonja serikali. Nimelisha shule na vituo vya afya huku Iringa. Mwalimu mkuu ni mtu mwema kabisa, hela haipo. Ukienda halmashauri unaambiwa deni lako linasubiri uhakiki.

Karani wa Soweto

Mzee, kwa serikali mchezo ni kabla ya kupeleka mzigo. Oda iwe imepita NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni. Ukiletewa barua ya mkono yenye muhuri, au mtu anakwambia "leta tu, tutarekebisha baadaye", unajua unakopesha kwa hiari. Mkuu wa shule anayekuagiza nje ya mfumo hana njia halali ya kukulipa, hata akitaka.

Halafu kuna tarehe 30 Juni. Mwaka wa fedha unafungwa. Mzigo uliopelekwa Mei na nyaraka zikakamilika Julai unahama kutoka kuwa malipo na kuwa deni la mwaka uliopita, linaingia foleni ya uhakiki na wakaguzi wa ndani. Kwa hiyo kuanzia Aprili, mzabuni wa serikali apunguze kupeleka na aongeze kufuatilia. Na uhakiki ukija wanaangalia zile karatasi zile zile: oda, mapokezi, invoisi. Aliyezitunza anapita, aliyezipoteza anaanza kutafuta mtunza stoo aliyestaafu akaishi Ludewa.

Mwanasheria wa Gangilonga

Na ukifika pa kushtaki serikali, ikiwemo halmashauri, lazima notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Ukishinda, huwezi kukamata gari la halmashauri likapigwa mnada, sheria hairuhusu. Ndiyo maana nakubaliana na Karani, pambana kabla.

Mpiga Debe Kabwe

Sawa wasomi, polisi nimeacha. Na mahakama kwa kampuni binafsi je? Wao wana mawakili wa Dar, mimi nina bajaji. Tunafanana?

Mwanasheria wa Gangilonga

Swali zuri, kwa mara ya kwanza leo 😀

Kwanza barua ya madai. Iwe fupi: deni kiasi gani, la nini, nyaraka zipi, siku 14 za kulipa, la sivyo mahakama. Madeni mengi ya kampuni kubwa yanaishia hapo, kwa sababu barua ya wakili haiendi kwenye ile trei ya Karani. Inaenda kwa mkurugenzi au kwa mwanasheria wao, na huyo anauliza swali moja tu: "Kwa nini huyu hajalipwa?"

Wasipojibu, madai ya mkataba hadi shilingi milioni 30 yanaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo. Inaendeshwa kwa Kiswahili na gharama zake ni ndogo. Juu ya hapo unaenda mahakama ya wilaya, na huko mnapitishwa kwenye usuluhishi kwanza. Usiudharau. Kampuni nyingi zinalipa kwenye usuluhishi kuliko kumleta mhasibu wao mkuu kizimbani kueleza zile karatasi.

Aliyepewa hundi ikarudi ana njia ya mkato. Kuna utaratibu wa kesi ya muhtasari ambapo mdaiwa hana haki ya kujitetea mpaka aombe ruhusa ya mahakama. Kwa hiyo hundi iliyorudi usimrudishie eti akupe nyingine. Pokea nyingine, ya zamani kaa nayo mpaka hela iingie.

Riba msitegemee sana. Kama hamkuandikiana, baada ya hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka, na hata mkiandikiana kwa kipindi hicho haivuki 12. Kwa aliyekopa mtaji kwa riba ya mtaani, kesi ya muda mrefu haimrudishi alipokuwa.

Fuso la Makambako

Na wale makarani wanaotaka "ya soda" ndipo wasogeze faili? Karani tuambie ukweli, si ulikuwa humo.

Karani wa Soweto

Wapo, sitapaka rangi. Ila ukitoa mara moja umejiwekea bei, kila invoisi itadai soda yake, na mwisho soda inakuwa asilimia. Nilichoona kinafanya kazi ni kuandika. Unatuma barua pepe kwa karani na nakala kwa bosi wake: "Nimeambiwa leo invoisi namba fulani imekamilika, naomba kujua siku ya malipo." Hujamshtaki mtu, lakini faili limeshaonekana na watu wawili. Akidai waziwazi, TAKUKURU wana ofisi Mbeya na Iringa, na wapo wanaofika huko.

Na usitume kijana tofauti kila safari. Karani anamzoea mtu, anamkumbuka, anamsogezea faili bila hata shilingi, kwa sababu tu amechoka kumwona.

Mama Parachichi Tukuyu

Hao wanaosema benki inaweza kukulipa kwa invoisi, ni kweli?

Karani wa Soweto

Ni kweli mama, benki kubwa zina mikopo ya LPO na ya invoisi. Wanakupa sehemu ya fedha sasa, mteja akilipa benki inakata chake. Lakini wanaangalia mteja wako ni nani na nyaraka zako zikoje, na riba inatoka kwenye faida yako. Inafaa kwa mteja anayechelewa lakini analipa. Kwa asiyelipa, umehamishia deni kwako.

Fundi Mbao Mafinga

Nimeandika ujumbe, nauweka hapa muupitie kabla sijatuma:

"Habari kaka. Naomba tuthibitishe hesabu yetu. Mzigo wa tatu (fremu na mbao za kupaulia) ulipokelewa site, meseji zetu ninazo. Umelipa advansi, salio ni kama nilivyoorodhesha hapo chini. Naomba unijibu kama hesabu hii ni sahihi na tarehe utakayolipa. Mzigo mpya uliouulizia nitaupakia baada ya salio kuingia. Asante."

Mwanasheria wa Gangilonga

Umekaa vizuri. Taja tarehe ya kupokelewa na jina la aliyepokea. Ondoa "kama ni sahihi", weka "kama kuna sehemu si sahihi niambie ndani ya siku 7".

Karani wa Soweto

Na uutume asubuhi ya Jumatatu, usiutume Ijumaa. Akiwa ana kampuni iliyosajiliwa, huo huo uchape uende kwa mkurugenzi, nakala kwa mhasibu. Kitabu cha kupokelea barua apige muhuri mtu wa mapokezi, siyo mlinzi.

Fundi Mbao Mafinga

Nimekusoma. Jumatatu naenda Mbeya mwenyewe na karatasi.